Kompaila isikufutie kazi unayoipima

Nanosekunde 0.3. Ndiyo namba niliyoipata nilipopima funksheni yangu ya heshi (inayogeuza data kuwa namba moja fupi) kwenye baiti 64, na kwa dakika kama kumi nilijiona fundi. Kisha nikapiga hesabu: saa ya prosesa ya 3 GHz hupiga mara tatu katika nanosekunde moja, kwa hiyo 0.3 ni pigo moja tu. Heshi ya baiti 64 haimaliziki kwa pigo moja. Jibu sikulitumia popote, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa) ikaona kazi haina mwenyewe, ikaifuta. Nilichopima ni kitanzi kinachojihesabu.

Mifano hapa ni ya lugha ya C, kwa kompaila za GCC au Clang.

Hatua ya 1: Acha uboreshaji ukiwa umewashwa. Wengi hukimbilia `-O0`, chaguo linalozima uboreshaji, ili kompaila itulie. Usifanye hivyo. Kwa `-O0` karibu kila kigeu hupelekwa kwenye kumbukumbu na kurudishwa, na huo si msimbo utakaowapa watumiaji. Pima kwa `-O2`, inayouwasha, au kwa chaguo lile lile unalotolea programu yako.

Hatua ya 2: Ficha kinachoingia, shikilia kinachotoka. Kazi yote iko hapa.

```c
for (int i = 0; i < marudio; i++) {
    const uint8_t *q = data;
    size_t n = 64;
    asm volatile("" : "+r"(q), "+r"(n) : : "memory");
    uint64_t h = heshi(q, n);
    asm volatile("" : : "r"(h));
}
```

Mistari hiyo ya `asm`, ambayo kwa kawaida hubeba amri za prosesa, haina amri hata moja ndani yake. Wa kwanza unaiambia kompaila kwamba `q` na `n` huenda vimebadilika, na kumbukumbu pia, kwa hiyo haiwezi kupiga hesabu mapema wala kuihamishia nje ya kitanzi. Wa pili unadai `h` iwe kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa), basi lazima ikokotolewe.

Je, ufiche `n`? Inategemea. Kompaila ikijua urefu ni 64 daima, inaweza kukunjua kitanzi cha ndani chote. Kama kwenye programu yako halisi urefu huo haubadiliki, kuuficha ni kujionea. Kama hutoka kwenye faili au mtandao, kutouficha ni kujidanganya.

Usiweke `asm` hizi ndani ya `heshi` yenyewe, maana utavuruga uboreshaji uleule unaotaka kuupima. Na usikitangaze kijumlishi cha ndani kuwa `volatile`: kila duru itasoma na kuandika kumbukumbu, nawe utabaki kupima safari hizo.

Kwa kazi hiyo hiyo, kwenye lugha ya Rust kuna `std::hint::black_box`, thabiti tangu toleo 1.66, na maktaba ya C++ ya Google Benchmark ina `DoNotOptimize`.

Hatua ya 3: Usiitegemee `noinline`, sifa unayoiwekea funksheni, peke yake. Inazuia funksheni kumezwa na aliyeiita, lakini GCC bado inaweza kugundua kwamba haina athari yoyote nje ya jibu lake, ikaufuta mwito. Tangu GCC 8 kuna `noipa`, ambayo ni kali zaidi.

Hatua ya 4: Soma asembli, yaani amri za prosesa zilizotoka kwa kompaila. `objdump -d` inatosha. Huhitaji kuelewa kila mstari. Tafuta mruko unaorudi nyuma, na kati yake amri za kazi yako, kuzidisha au XOR. Usipoziona, namba uliyonayo itupe.

Hatua ya 5: Ongeza data maradufu. Muda usipopanda, rudi hatua ya 4. Wakati mwingine utakuta hakuna kosa: ukijumlisha 0 hadi n kwa kitanzi, Clang kwa `-O2` hukibadilisha kuwa kuzidisha kuchache, hata ukificha `n`. Hapo kompaila haijakuibia. Watumiaji wako nao watapata kasi hiyo hiyo.

Heshi yangu, nilipoipima upya hivi, ilikuwa ya polepole kuliko ile niliyotaka kuibadilisha.