Namna ya Kujiandaa Kuimba Nafasi Kuu katika Opera ya Ridhaa

Mwimbaji wa ridhaa aliyepewa nafasi kuu huenda mazoezini jioni na koo lililokwisha kufanya kazi ya kuzungumza kutwa nzima. Kwa hiyo jambo la kupanga kabla ya yote ni matumizi ya sauti. Nitatumia mfano wa mhusika Susanna katika Le nozze di Figaro, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Mozart, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1786, kwa kuwa nafasi hiyo haina noti za juu za kutisha, lakini humweka mwimbaji jukwaani kwa sehemu kubwa ya onyesho.

Hatua ya 1. Pitia kitabu chote cha nota bila kuimba. Tia alama kila mahali unapoingia, nani anakutangulia, na wapi unanyamaza muda wa kutosha kunywa maji. Utaona kwamba wimbo wa pekee wa Susanna unaongojewa zaidi, "Deh vieni, non tardar", umewekwa katika tendo la nne, ambalo ni la mwisho, tena ni wimbo wa taratibu unaohitaji sauti laini, na ulaini ndio hutangulia kupotea mtu anapochoka. Amua utaimba kwa nguvu kiasi gani katika matendo matatu ya mwanzo huku ukiukumbuka wimbo huo.

Hatua ya 2. Jifunze maneno kabla ya tuni. Andika maana ya kila neno juu ya mstari wake, kisha yaseme kwa sauti ya mazungumzo hadi ulimi uzoee. Irabu za Kiitaliano hazitamsumbua sana msemaji wa Kiswahili. Konsonanti zinazorudiwa ndizo zitakazomchelewesha. Sehemu za resitativo, zinazoimbwa kwa mwendo wa usemi, zisikose mazoezi haya, kwani ndizo zinazobeba kisa na ndizo wengi huzipuuza.

Hatua ya 3. Jifunze pia sehemu ya mwenzako. Opera hii hufunguka Figaro, mchumba wa Susanna, akipima chumba kwa ajili ya kitanda na kuhesabu 5, 10, 20, 30, 36, 43, huku Susanna akitaka atazamwe kofia yake. Asiyezifahamu hesabu hizo ataingia kwa kubahatisha, na uchekeshaji wa tukio hilo utapotea.

Hatua ya 4. Kariri muziki pamoja na mienendo. Hitimisho la tendo la pili huchukua takriban dakika 20 bila kusimama, likianza na watu wawili na kuishia na saba. Ligawe palipo na mabadiliko ya kasi, na kila kipande ukifanye ukitembea, kwa sababu kilichokaririwa mtu akiwa ameketi kando ya piano mara nyingi humtoka pindi mwongozaji anapomwambia ageuke au apige magoti.

Hatua ya 5. Imba kwa nusu sauti mazoezi yanapohusu mienendo tu, na noti za juu uziteremshe oktava moja, yaani uimbe noti ileile ya chini yake, baada ya kumwomba ruhusa kondakta, yaani anayeongoza muziki. Usinong'one, maana mnong'ono nao unaweza kuchosha nyuzi za sauti. Hata hivyo, siku mnayokutana na okestra kwa mara ya kwanza imba kwa sauti kamili walau mara moja, ili kondakta ajue wapi vyombo vinakufunika.

Hatua ya 6. Siku ya onyesho zungumza kidogo na unywe maji tangu asubuhi, kwa kuwa maji unayomeza hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Huzifaa baada ya kuenea mwilini. Pasha sauti moto kwa muda mfupi. Ukikosa kuingia mahali pako, usikimbilie maneno yaliyokupita: baki ndani ya mhusika, mtazame kondakta, kisha uingie kwenye kifungu kinachofuata.