Kutambua mimea pori na likeni kwa kikundi, msitu wa Mpanga

Mpanga uko wilayani Mpigi, Uganda, karibu na barabara ya Kampala–Masaka. Ombeni kibali mapema kwa Mamlaka ya Taifa ya Misitu (NFA), hasa mkitaka kuchukua sampuli.

1. Jigaweni wawili wawili. Mmoja anaangalia, mwenzake anaandika. Watu 8 wanatosha. Wakizidi, wa nyuma husikia majina bila kuona kitu. Suruali ziingie ndani ya soksi kwa sababu ya siafu.

2. Lenzi ya kukuza mara 10 ikae jichoni. Kisha leta jani karibu mpaka lionekane wazi, kama sentimita 2 au 3. Wengi huishika mbali na jicho, wakaona duara dogo lenye ukungu.

3. Kwenye mmea, anza na majani. Maua mara nyingi hayapo. Majani yakitazamana mawili mawili, chungulia katikati ya vikonyo: ukikuta kijijani kidogo sana (jani dogo) chenye ncha, fikiria jamii ya mibuni (Rubiaceae). Utomvu mweupe pamoja na kovu la pete kwenye kitawi huelekeza kwenye jamii ya mtini (*Ficus*), kama mutuba wa nguo za magome. Jani la *Prunus africana* likifikichwa hunukia lozi. Nusa tu, usionje.

4. Likeni tafuteni kwenye matawi yaliyoanguka. Likeni ni kuvu inayoishi pamoja na mwani, na mwani unahitaji mwanga. Chini ya miti mikubwa ni giza, nyingi ziko juu. Je, ni ukoko usiobanduka bila gome, ni bapa lenye kingo zinazoinuka, au ni nyuzi? Nyuzi za kijani-kijivu zivute polepole: gamba likikatika na ndani ukabaki uzi mweupe unaonyumbulika, hiyo ni *Usnea*. Andika kama ilikuwa kavu au mbichi. Mvua huigeuza ya kijivu kuwa ya kijani, na hapo ndipo jozi mbili hubishania kitu kimoja.

5. Tone la jiki (dawa ya kung'arisha nguo) husaidia kutofautisha likeni, kwa kuwa baadhi hugeuka nyekundu. Weka kwenye utando mweupe wa ndani ya likeni, baada ya kukwangua juu kwa wembe. Wekundu hutokea upesi na kufifia, kwa hiyo mwenzako awe anatazama tayari. Jiki iliyokaa juani hupoteza nguvu, nanyi mtaandika “hakuna badiliko” kimakosa.

6. Sampuli ziingie bahasha za karatasi, kwani plastiki huzivundisha. Juu yake andika kwa penseli tarehe, mahali na mti ulioibeba, kabla hamjasogea.