Kabla hujapanda boti na mtoto mwenye sukari

Haya nyinyi mlio na watoto wa sukari ya sindano, ile taipu wani, likizo hii najua mnakwenda Unguja, nisikilizeni. Mwanzo asikulaumu mtu, haikuja kwa halua ya Wete, ni kinga ya mwili wake mwenyewe imegeuka ikashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Mashine ya kupimia na vijiti vyake, chukua. Sindano chukua mara mbili ya ulivyohisabu. Glukosi au juisi ya kumpa akianza kutetemeka na kutoka jasho iwe mkononi mwako, sio kwenye begi. Kadi ya kliniki usisahau.

Sasa dawa yenyewe, insulini. Kila mtu atakuogopesha joto, na mie joto nililichunga kweli toka Mkoani, dawa imo kwenye chupa ya chai niliyoipoza kwa maji baridi. Nimefika kwa wifi yangu nikampa aitie kwenye friji, yeye kwa mapenzi yake akaona friji haipozi vizuri akaitia kwenye friza baina ya samaki, asubuhi akaitoa, ikayeyuka, ikawa safi kama maji, hakusema kitu. Nikachoma. Mchana sukari imepanda mpaka 19, nikasema biriani hilo, nikachoma tena, usiku mashine haitoi namba tena imeandika HI tu, yaani sukari imepita kipimo chake, mtoto anatapika, anahema kama aliyekimbizwa, mdomo wanuka kama tunda lililopitiliza. Hospitali, dripu, na nesi akauliza suali moja tu: dawa ililala wapi? Wifi akaanza kulia pale pale mlangoni.

Insulini ikiganda imekufa, hata ukiiona nzima, tupa. Friji iwe nyuzi 2 mpaka 8, iweke rafu ya kati, mbali na friza, na uiweke MWENYEWE, hata kama ni kwa mama yako mzazi. Uliyokwishaifungua nyingi hukaa wiki 4 bila ya friji kama joto halipiti 30, lakini soma karatasi yake. Hakuna umeme? Nyungu kubwa, ndani nyungu ndogo yenye dawa, baina yao mchanga uliorowa, kivulini, unafunika kwa kitambaa kibichi.

Na akitapika usimkatishe insulini kwa sababu hajala, mpime, mpeleke. Na asitembee peku pwani, na simu iwe na chaji, na ukifika tu ulizia hospitali iliyo karibu, na wale mabibi wa "kidogo tu hakimdhuru" nao uwaangalie, na boti ya jioni kama bahari imechafuka, bora mulale...