Sailensa Ikae Wapi? Pima Kwanza Bomba Linalobaki Nyuma Yake

Vijana wanaokuja kwangu Gerezani na Altezza au Mark II huanza na swali lilelile: "Fundi, una sailensa gani yenye mlio mzito?" Nikiwauliza wanataka ikae wapi chini ya gari, wengi hunijibu popote itakapoenea. Hapo ndipo hela inapopotea. Chukua sailensa hiyohiyo, isogeze mita moja na nusu kwenda mbele, utashangaa jinsi mlio utakavyobadilika. Nguvu itabaki palepale.

Habari ya nguvu ni fupi, tuimalize. Kinachobana pumzi ya injini ni bomba jembamba, kona kali, masega yaliyoziba (kile kisafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki) na vyumba vya ndani ya sailensa. Kule kuvutwa kwa moshi kutoka kwenye silinda kunafanyika mbele, kwenye manifodi, yale mabomba yanayopokea moshi kwenye injini, na sailensa ya nyuma haina mchango mkubwa ilimradi njia yake iko wazi. Utasikia watu wakisema injini lazima ibanwe kidogo ndipo iwe na nguvu. Usiwasikilize. Injini inataka moshi utoke kwa kasi, ndiyo maana bomba pana kupita kiasi huifanya iwe nzito kwenye mizunguko ya chini. Injini ya cc 1500 naiwekea bomba la inchi 1¾. Ya 2000 isiyo na turbo inatosheka na inchi 2 hadi 2¼.

Kama gari limechoka kupanda mlima, usikimbilie kununua sailensa. Fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, funga geji ya presha kwenye tundu lake, mtu akanyage hadi mizunguko 2,500. Ikizidi psi 3, kuna mahali pameziba. Tafuta hapo kwanza.

Sasa tuje kwenye sauti, ambayo ndiyo kilio cha wengi.

Bomba linalotoka kwenye sailensa hadi kwenye bampa, mimi naliita mkia, linafanya kazi kama filimbi: urefu wake ndio unaochagua noti. Injini ya silinda nne inapiga mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika mipigo ni 100 kwa sekunde. Mipigo hiyo ikilingana na noti ya bomba, gari zima linavuma. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya kawaida, lakini kwenye moshi wa moto wa mkiani naihesabu mita 450. Kutokana na hapo nimejitengenezea hesabu ya haraka: kwa silinda nne, gawanya 6,750 kwa urefu wa mkia kwa mita, kwa silinda sita, gawanya 4,500. Jibu ni mizunguko ambayo mvumo utatokea, kwa kukadiria.

Kijana mmoja aliniletea Altezza ya silinda nne. Huko alikotoka walimtolea sailensa ya nyuma, wakamwekea moja katikati, usawa wa kiti cha dereva, na kuendelea na bomba tupu hadi nyuma. Mjini alifurahi. Alipoelekea Morogoro, sindano ikikaa 2,700 mke wake alishindwa hata kuzungumza na simu. Tuliinua gari kwenye stendi, nikalaza kamba juu ya bomba nikiifuata kila kona, maana kona nazo ni urefu. Kamba ilipotandazwa chini ilitoa mita 2.5. Gawanya 6,750 kwa 2.5 uone.

Tulirudisha sailensa nyuma ya difu, ile gia kubwa ya ekseli ya nyuma, mkia ukabaki sentimita 40. Noti ya mkia mfupi kiasi hicho iko juu sana kuliko mizunguko yoyote ambayo injini ile itafika. Katikati niliweka sailensa ndogo ya kupitisha moja kwa moja, ile yenye bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Hii inakata ukali na mikwaruzo ya sauti za juu na haizuii moshi. Viwanda navyo hupanga hivyo mara nyingi, ndogo katikati na kubwa nyuma, na mimi naona wako sahihi.

Asiyetaka kurudisha nyuma ana njia ya pili: tawi lililozibwa mwisho. Kata kipande cha bomba chenye nusu ya urefu wa mkia, kiziba upande mmoja, kichomelee kwenye mkia katikati yake, hapo mvumo una nguvu zaidi. Kwa Altezza ile kingekuwa mita 1.25. Hakipunguzi nguvu kwa sababu moshi haupiti ndani yake. Tatizo ni nafasi: chini ya gari dogo, kutafuta mahali pa kukilaza bila kugusa tangi au bomba la breki ni kazi kweli.

Usichomelee moja kwa moja. Funga kila kitu kwa klempu, toka barabarani, panda taratibu kutoka 1,500 hadi 3,500 ukiwa kwenye gia ya juu na madirisha yamefungwa. Mvumo ukitokea pale unapopenda kutembelea, fupisha au refusha mkia, jaribu tena. Ukiridhika ndipo uchomelee, na kabla ya kuchomelea vua waya wa hasi wa betri.

Mahali pa sailensa pia panaamua maisha yake. Ukiisogeza sana mbele, moshi ni wa moto mno na pamba ya kioo inaungua na kutoka nje kidogo kidogo. Baada ya muda gari linaanza kelele bila kutoboka popote. Nyuma kabisa adui ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Gari la safari fupi, Kariakoo na Ilala basi, halipati joto la kukausha mvuke huo, unatuama ndani na kula bati. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa ya nyuma, na ukiweza nunua ya chuma cha pua.

Mwisho, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito injini ikiwa inaunguruma, pitisha sikio kwenye kila kiungo. Panaposikika "sss" panavuja. Uvujaji ulio mbele ya sensa ya oksijeni huingiza hewa, kompyuta ikadhani mafuta ni machache na kuongeza, na wewe unaanza kulalamika gari linakula. Ulio chini ya sakafu ni mbaya zaidi, kwa sababu monoksidi ya kaboni haina harufu na watoto wanakaa kiti cha nyuma. Mdomo uvuke bampa, usikatwe chini ya buti.