Jinsi ya kuomba uhakiki wa mita za mtiririko kiwandani, kwa wenzetu wa Tanga

Simu ya namna hii huwa naipokea kila mwaka, na mara nyingi inatoka upande wa Pongwe: "Fundi, watu wa vipimo wanakuja kesho. Njoo utusafishie mita." Nakwenda, kazi ni kazi. Ila mita ya mtiririko, ile inayopima kimiminika kinachopita bombani, si sufuria, ukiisugua usiku haiamki asubuhi inasema kweli. Uhakiki unaanza wiki tatu kabla, kwa daftari na kalamu, na sehemu kubwa ya shida nilizokutana nazo hazikuwa ndani ya mita hata kidogo. Zilikuwa kwenye bomba, kwenye nyaya au kwenye karatasi.

Kabla hujaandika barua, tenganisha mita zako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazotumika kuuza au kununua: mita ya kupakilia mafuta kwenye ghala, dira ya maji unayomtozea mteja, mita inayopima mafuta ya kula yanayoingia kwenye gari la mnunuzi. Hizi ziko chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na zinapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Fungu la pili ni za ndani: maji ya boila, maji ya kupozea, kemikali inayoingia kwenye mchanganyiko. Hapo hakuna mteja wa kupunjwa, ila ukizembea unajipunja mwenyewe. Hizo zinahitaji ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo cha kuaminika, unaoweza kuufanya kwenye maabara ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) au maabara nyingine yenye ithibati.

Watu wanachanganya hayo mawili. Ugezi unakwambia mita imekosea kiasi gani, basi. Uhakiki unaamua kama mita inafaa kutumika katika biashara au haifai, kisha inapigwa lakiri, ile alama ya kuonyesha haijafunguliwa, na kubandikwa stika. Cheti cha ugezi, hata kiwe kizuri namna gani, hakichukui nafasi ya stika.

Baada ya hapo zunguka kiwandani uandike orodha. Kwa kila mita: mtengenezaji, modeli, namba yake, kipenyo cha bomba, mtiririko wa chini na wa juu, kimiminika kinachopita, mahali ilipo na tarehe ya uhakiki wa mwisho. Namba isome kwenye bamba la mita yenyewe. Usinakili faili la mwaka jana. Kuna mahali tulinakili, kumbe mita ile ilikwisha kung'olewa na nyingine kuwekwa wakati wa matengenezo. Afisa akafika, akainama, akasoma bamba, akatazama barua yetu, akafunga begi lake. Siku nzima imekwenda, na dereva wa gari la mafuta lililokuwa likisubiri hakutusamehe. Kama mita ni ya aina mpya ambayo haijawahi kutumika nchini, uliza mapema kuhusu idhini ya aina, yaani kibali cha modeli hiyo kutumika nchini, maana bila hiyo uhakiki hauanzi.

Barua unamwandikia Meneja wa Wakala wa Vipimo, Mkoa wa Tanga. Isiwe ndefu. Mimi huwa naandika hivi:

"YAH: MAOMBI YA UHAKIKI WA MITA ZA MTIRIRIKO. Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Tunaomba kuhakikiwa mita 4 za kupakilia dizeli na petroli zilizopo ghalani kwetu, kama zilivyo kwenye orodha iliyoambatanishwa. Uhakiki wa mwisho ulifanyika tarehe iliyoonyeshwa mbele ya kila mita. Mita zinaweza kusimamishwa Jumamosi kuanzia saa 1 asubuhi. Msimamizi wetu wa eneo ni fundi wa zamu, simu yake ipo hapo chini."

Sentensi ya kusimamisha mita ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanaisahau. Afisa hawezi kupima huku malori sita yamepanga foleni. Pigeni mhuri, ambatanisheni orodha na nakala za vyeti vya mwaka uliopita, na nakala moja ya barua irudi ofisini kwenu ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa.

Kwa malipo mtapewa ankara yenye kontroo namba. Lipeni benki au kwa simu, mtunze risiti. Hakuna pesa ya mkononi hapo, na anayeitaka mwombeni kitambulisho kwanza.

Dira ndogo za maji ni habari nyingine kidogo. Hizo hufunguliwa na kupelekwa zikapimwe kwenye meza ya majaribio, na kituo cha Wakala kinachojulikana kwa kazi hiyo kipo Misugusugu, Kibaha, ambako pia magari ya mafuta huhakikiwa matangi yake. Ukitokea Tanga unapita Segera, Chalinze, Mlandizi. Zifunge vizuri, maana dira iliyorukaruka njia nzima ndani ya pikapu hufika imechoka.

Sasa tuje kwenye kuiandaa mita, na hapa naomba tusikimbilie.

Anza na sifuri. Funga valvu ya mbele na ya nyuma, bomba likiwa limejaa, subiri kimiminika kitulie, kisha tazama. Mita ikiendelea kuhesabu na hakuna kinachotembea, ama valvu inavuja, ama kuna hewa, ama sifuri yenyewe imehama. Angalia kwa mpangilio huohuo. Mita ya Coriolis, inayopima uzito kwa mtikisiko wa mirija, inaweza kuhama sifuri kwa sababu tu pampu jirani imelegea bolti na inatetemesha sakafu.

Mita ya sumakuumeme inataka bomba lijae kabisa na kimiminika kipitishe umeme. Ndiyo maana inafaa kwa maji lakini haisomi dizeli wala mafuta ghafi. Vijana wanaoutazama mradi wa bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, huwa wananiuliza kwa nini wasiweke hizi za bei nafuu. Jibu ndilo hilo. Kwa wanaotumia maji ya mto, kama Zigi unaotulisha mjini, masika yakichafua maji, elektrodi (vipande vya chuma vinavyogusa maji ndani ya mita) hupata utando wa tope, na usomaji unaanza kurukaruka. Tazama pia waya wa kutuliza umeme ardhini. Kwa chumvi ya hapa petu, waya huo huonekana mzima kumbe ndani ni vumbi la kijani.

Mita ya turbini inaogopa takataka na bomba lililokunjwa karibu yake. Safisha chujio, fungua kitoa hewa. Wenye bamba la tundu, lile bati lenye tundu linalowekwa kukatiza bomba, wakumbuke kwamba mtiririko unakwenda na kipeuo cha pili cha tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma yake: tofauti ikishuka hadi robo, mtiririko umeshuka hadi nusu. Bamba hilo lina uso wa mbele na wa nyuma, na ukingo wa mbele lazima uwe mkali. Likigeuzwa wakati wa kusafisha, mita itasoma pungufu mwaka mzima na hakuna atakayesikia mlio. Na gasketi isichungulie ndani ya bomba. Hilo la gasketi limenila siku mbili za maisha yangu.

Halafu fuata nyaya. Fungua boksi la transmita, kifaa kinachotuma usomaji wa mita kwenye kompyuta: ukikuta maji au chumvi nyeupe kwenye skrubu, kausha, badilisha mpira wa glandi, funga vizuri. Pima miliampea za umeme ambao transmita inautuma. Mita yenye upeo wa 0 hadi 60, mita za ujazo kwa saa, ikitoa miliampea 4 maana yake sifuri, 20 ni 60, na 12 lazima iwe 30. Kiwanda kimoja mita ilionyesha 30 na kompyuta ya kontroo rumu ikaonyesha 24. Bosi alikuwa tayari kuagiza mita mpya. Kumbe transmita ilibadilishwa, ikawekewa upeo wa 60, na kompyuta ikabaki na upeo wa zamani wa 48. Nikabadilisha tarakimu moja kwenye kompyuta, nikanywa chai, nikaondoka. Bosi hakuamini ankara yangu.

Onyo moja: yote haya unayafanya bila kugusa lakiri. Mita ya biashara ikihitaji kurekebishwa ndani, aitwe fundi mwenye leseni ya Wakala, na baada ya hapo ihakikiwe upya. Lakiri iliyokatika kabla afisa hajafika inaleta maswali ambayo hutaki kuyajibu.

Siku yenyewe afisa atapitisha mafuta kwenye mita hadi kwenye tangi rejea, yaani tangi ambalo ujazo wake umeshathibitishwa, au atalinganisha na mita rejea, mara kadhaa na kwa kasi tofauti. Hesabu si ngumu. Tangi linasema lita 1,000, mita yako inasema 1,004: umezidisha kwa asilimia 0.4. Kigezo cha kusahihishia ni 1,000 gawanya kwa 1,004, yaani 0.9960. Mapendekezo ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria ambalo Tanzania ni mwanachama, kwa mifumo ya mafuta ya daraja la kawaida yanaruhusu asilimia 0.3 kwa mita peke yake na 0.5 kwa mfumo mzima ukiwa kazini. Kwa hiyo tofauti ndogo inaweza kukuangusha.

Na jua la Tanga linaweza kuileta tofauti hiyo lenyewe. Dizeli hutanuka takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mafuta yaliyolala bombani juani yakipita kwenye mita yana joto, yakifika kwenye tangi lililo kivulini yakapoa nyuzi 5, lita 1,000 zimepungua kama lita 4. Umeona? Ndiyo ile 0.4 yote. Pitisha mafuta kwanza mpaka joto lilingane, na hakikisha kipimajoto kipo kwenye mita na kwenye tangi. Ndiyo sababu nikaandika saa 1 asubuhi kwenye barua.

Mita ikifaulu utapata lakiri, stika na cheti. Soma namba kwenye cheti mbele ya afisa, kosa lirekebishwe hapohapo. Ikikataliwa, haitumiki mpaka itengenezwe na ihakikiwe tena, na usijaribu kupakia gari "la mwisho tu".

Kisha fungua daftari la mita. Kila wiki: sifuri, tofauti ya shinikizo kwenye chujio, na jumla ya mita ukiilinganisha na kipimo cha tangi. Daftari lifunge kwa kamba kwenye mlango wa chumba cha pampu, na kalamu uifunge pia, maana kalamu za kiwandani zina miguu.