Jinsi ya kutengeneza kisogeza awamu cha mikrowevu kwa fuwele kimiminika

Fuwele kimiminika zinazoonyesha picha kwenye skrini zinaweza pia kuchelewesha wimbi la mikrowevu kwa kiasi unachotaka, yaani kusogeza awamu yake (nafasi yake katika mzunguko wa kupanda na kushuka). Molekuli zake ni ndefu: zikikaa sambamba na uga wa umeme wa wimbi, pemitiviti (kipimo cha jinsi nyenzo inavyoitikia uga wa umeme) hupanda na wimbi hupunguza mwendo, zikikaa mkingamo, wimbi huongeza mwendo. Volteji ndogo tu huzigeuza. Ila mazoea ya skrini yaache mlangoni, yatakuponza.

1. Piga hesabu ya urefu

Chagua mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya mikrowevu. GT3-23001 ya Merck ina pemitiviti ya takriban 2.46 mkingamo na 3.28 sambamba. Vipeuo vyake vya pili ni 1.568 na 1.811, tofauti 0.243. Kwenye 30 GHz wimbi lina urefu wa mm 10 hewani, kwa hiyo nyuzi 360 za awamu zinadai laini (ukanda wa metali unaopitisha wimbi) ya 10 ÷ 0.243, yaani kama mm 41. Ongeza kidogo, maana sehemu ya uga hupenya kwenye kioo.

2. Andaa vioo viwili

Cha juu kibebe laini upande wake wa chini, cha chini kibebe bamba la ardhi (tabaka la metali la kurudishia mkondo). Elektrodi angavu za ITO (oksidi ya indiamu na bati, inayotumika kwenye skrini) hazifai hapa, hupoteza nguvu mno. Weka shaba au dhahabu, mikromita 2 kwenda juu.

3. Panga molekuli

Paka poliimidi (plastiki inayostahimili joto) juu ya metali ya vioo vyote viwili, oka, kisha sugua kwa mahameli kufuata laini. Sugua kuelekea upande mmoja tu. Ukienda na kurudi, molekuli hazitajua zilale wapi. Puliza nitrojeni kavu kuondoa nyuzinyuzi za kitambaa. Hatua hii watu huiharakisha, kisha hulaumu fuwele.

4. Funga na ujaze

Tenganisha vioo kwa mikromita 100, ziba kingo kwa gundi, acha matundu mawili. Pasha moto fuwele mpaka ukungu wake upotee na iwe angavu kabisa, weka tone kwenye tundu moja na uiache ijivute yenyewe ndani. Poza polepole. Povu likibaki chini ya laini, fungua uanze upya. Hakuna volteji itakayoliondoa.

5. Unganisha volteji

Tumia wimbi la mraba la 1 kHz, 0 hadi 20 V, kupitia bayasi-tii (kiungo kinachochanganya volteji na mikrowevu bila kuiruhusu volteji ifike kwenye kipimio), ili VNA yako (kipimio cha mawimbi ya mikrowevu) isidhurike. Usitumie umeme wa DC: ioni hukimbilia kwenye elektrodi na kuufifisha uga ndani ya fuwele. Molekuli huanza kugeuka volteji ikifika kizingiti fulani, na kizingiti hicho hakitegemei unene wa tabaka.

6. Pima

Soma awamu ya S21 (wimbi linalotoka upande wa pili likilinganishwa na lililoingia) kila unapopandisha volteji, na subiri itulie. Kupanda ni haraka. Kushuka ndiko kunakochosha. Muda wa kurudi hukua kwa mraba wa unene, hivyo tabaka la mikromita 100 huchukua mara 400 ya lile la mikromita 5: milisekunde za skrini zinageuka makumi ya sekunde. Ukisoma mapema, utapata mikunjo ya grafu isiyofanana kati ya kupanda na kushuka.

Andika na upotevu wa nguvu ya wimbi pia. Kwa kawaida huwa mkubwa zaidi kwenye 0 V, kwa sababu fuwele mkingamo hufyonza zaidi. Ubora wa kifaa ni nyuzi za juu kabisa ukigawanya kwa upotevu huo mbaya zaidi wa dB, si ule mdogo unaovutia kwenye grafu.