Geti la pasipoti likikugomea: namna ya kupita, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kusimama karibu na mageti ya pasipoti, yale yanayojifungua yenyewe bila afisa, na kumsaidia abiria aliyekwama. Wengi wao hawajakosea chochote. Wamekwama kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia geti linataka nini, na linakitaka kwa mpangilio gani. Mtu ametoka kwenye safari ya usiku kucha, miguu imevimba, watu wamejipanga nyuma yake, taa nyekundu inawaka, naye anaanza kujiona mhalifu mbele ya kadamnasi. Jambo hili linaniuma kila nikiliona, ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa kinachotokea pale. Geti hufanya mambo matatu kwa kufuatana. Kwanza linasoma maandishi ya ukurasa wako wa picha. Pili linafungua chipu iliyomo ndani ya pasipoti na kutoa picha yako iliyohifadhiwa humo. Tatu, kamera inakupiga picha hapohapo na kuzilinganisha hizo mbili. Wakati hayo yanaendelea, taarifa zako zinapitishwa kwenye kumbukumbu za uhamiaji. Ukijua geti limekwama kwenye jambo lipi kati ya hayo, utajua urekebishe nini.

Hatua ya 1: Hakikisha geti hilo ni lako

Tazama jalada la pasipoti yako. Ukiona alama ya mstatili mdogo wenye duara katikati, ina chipu. Isipokuwapo, usipoteze muda, nenda dirishani kwa afisa. Hati za dharura ambazo balozi huwapa waliopotelewa na pasipoti kwa kawaida hazina chipu.

Ila kuwa na chipu si sawa na kuwa na ruhusa. Kila nchi huamua ni raia wa nchi zipi watumie mageti yake, na wa umri gani. Uingereza, kwa mfano, mwaka 2023 ilianza kuruhusu kuanzia miaka 10, na wenye miaka 10 au 11 walitakiwa kuandamana na mtu mzima. Uraia nao una orodha yake. Pasipoti yako inaweza kuwa nzima kabisa na geti likaikataa kwa sababu tu nchi yako haimo kwenye orodha hiyo. Soma bango lililo mwanzoni mwa foleni. Bendera na majina ya nchi yameandikwa pale, na watu wengi hupita bila kuyatazama kwa sababu wanamfuata aliye mbele yao.

Swali jingine la kujiuliza ni kama unahitaji muhuri. Mageti mengi hayagongi muhuri wala hayakuulizi umekuja kufanya nini. Kama viza yako au kibali chako cha kazi kinataka afisa akuone na kukugongea, pita kwake hata kama geti liko wazi na halina foleni. Nimeshuhudia watu wakirudi mbio kuomba muhuri walioukosa, na kurudi nyuma ya mpaka si jambo rahisi.

Hatua ya 2: Jiandae ungali kwenye foleni

Vua kofia, miwani, barakoa na vipokea sauti vya masikioni. Nywele zisifunike nyusi wala mashavu. Skafu iliyopanda hadi kidevuni ishushe. Anayefunika kichwa kwa sababu za dini hahitaji kuvua, mradi uso wote uonekane kuanzia paji hadi kidevu.

Simu iingie mfukoni. Fungua pasipoti kwenye ukurasa wa picha na uishike hivyo, badala ya kuanza kuutafuta ukiwa umeshafika mbele.

Begi la magurudumu livute karibu na mwili. Ndani ya geti kuna vitambuzi vinavyohesabu watu, kwa sababu geti limejengwa kupitisha mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Begi lililobaki nyuma kwa umbali wa mkono linaweza kuhesabiwa kuwa mtu wa pili, na mlango ukagoma kufunguka. Mtoto aliyebebwa naye ni mtu wa pili. Ukiwa na mtoto mchanga, nenda moja kwa moja kwenye dirisha la familia.

Hatua ya 3: Kioo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo ambapo maelezo kidogo yanasaidia kuliko popote.

Chini ya ukurasa wako wa picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyojaa vimshale kama hivi: <<<. Kwenye pasipoti ya kawaida kila mstari una nafasi 44. Wa kwanza una nchi iliyotoa pasipoti na jina lako. Wa pili una namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya kuisha muda. Geti likishausoma huo mstari wa pili, hutumia vitu vitatu vilivyomo, yaani namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda, kama ufunguo wa chipu. Bila ufunguo huo chipu haifunguki. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu anayepita kando yako asiweze kukuibia taarifa wakati pasipoti imefungwa mkobani.

Kwa hiyo kidoa kimoja tu juu ya mstari wa pili kinatosha kukuzuia. Kila kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kina tarakimu ya kuhakiki pembeni yake. Mashine ikidhani 8 ni 3, hesabu haitakubali na itakusimamisha. Nilimsaidia mama mmoja ambaye pasipoti yake ilikuwa na alama ya kidole chenye mafuta ya kujipaka, mwishoni mwa mstari ule. Yeye hakuiona mpaka nilipouinamisha ukurasa kwenye mwanga. Nikaifuta kwa kitambaa kikavu, akaiweka tena, mlango ukafunguka.

Basi fanya hivi:

Toa kava. Hata lile la plastiki linalopitisha mwanga, litoe. Kava huinua pasipoti isikae sawasawa kwenye kioo, na makava mengine yamewekewa utandu wa chuma unaozuia mawimbi ya redio ambayo chipu huyatumia kuwasiliana na mashine.

Ondoa kila kitu kilichochomekwa ndani: kadi za benki, vitambulisho, pasi ya kupandia ndege, stakabadhi. Kuna mzee mmoja nilimkuta amejaribu mara nne. "Mwanangu, pasipoti hii haina hata mwaka," akaniambia, mikono inamtetemeka. Nikamwomba, "Baba, tulivue kwanza hili kava." Nyuma ya jalada alikuwa amechomeka kadi mbili za benki, na kadi nazo zina chipu zinazoongea kwa redio. Chipu tatu zilikuwa zinaitika kwa pamoja na mashine haikujua imsikilize nani. Tulipozitoa, pasipoti ilisomwa palepale.

Laza ukurasa wa picha kifudifudi juu ya kioo, kwa upande unaoonyeshwa na mchoro, mpaka uguse ukingo. Ukandamize kwa kiganja, si kwa ncha ya kidole. Pasipoti mpya huwa ngumu na hujikunja kurudi juu, na nafasi ndogo kama unene wa sarafu inatosha kuyafanya maandishi yaonekane yamepinda.

Kisha tulia. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kuinyanyua mapema. Mtu anaona mwanga umewaka chini ya kioo, anadhani kazi imekwisha, anaitoa. Mwanga ule ni wa kusoma maandishi tu. Chipu ndiyo kwanza inaanza kusomwa, na picha iliyomo inahitaji sekunde kadhaa kutoka. Subiri skrini ikuambie uchukue, au mlango ufunguke. Ukiitoa katikati, kila kitu kinaanza upya.

Hatua ya 4: Kamera

Simama juu ya nyayo zilizochorwa sakafuni. Usizisogelee tu, zikanyage. Kamera nyingi hupanda na kushuka zenyewe kutafuta urefu wako, kwa hiyo usichuchumae wala usisimame kwa ncha za vidole. Ukitikisika, itaanza kukutafuta upya.

Angalia kamera yenyewe, si picha yako kwenye skrini. Uso uwe kama ulivyokuwa siku ya kupiga picha ya pasipoti: mdomo umefungwa, macho wazi, hakuna tabasamu. Tabasamu hubadilisha umbo la midomo na mashavu, na uso ukawa tofauti na ule uliomo kwenye chipu.

Ndevu, kunyoa au kusuka upya kwa kawaida havizuii. Kinachosumbua zaidi ni miaka. Pasipoti za watu wazima katika nchi nyingi hudumu miaka 10, na picha iliyomo kwenye chipu haibadiliki hata siku moja. Aliyepungua sana kwa ugonjwa, au aliyepata pasipoti akiwa kijana wa miaka 16 na sasa ana 25, anaweza kukataliwa mara kwa mara bila kosa lake.

Lipo na jambo ambalo watu wenye ngozi nyeusi wanapaswa kulijua. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti ya majaribio ya programu nyingi za kutambua nyuso. Kwenye picha zilizopigwa mipakani, ambazo ubora wake ni wa chini, ilikuta kwamba mashine kushindwa kumtambua mtu ambaye ni yeye kweli hutokea zaidi kwa waliozaliwa Afrika na Karibi, hasa wenye umri mkubwa. Kwenye picha nzuri za maombi makosa hayo yalikuwa machache mno. Kwa hiyo unapokwenda kupiga picha ya pasipoti, dai mwanga wa kutosha. Usikubali picha ambamo macho yamezama gizani na mstari wa taya hauonekani. Picha hiyo utaishi nayo miaka yote ya pasipoti, na mwenye studio hatakuwepo getini.

Hatua ya 5: Vidole, panapohitajika

Mageti mengi hutumia uso tu, lakini baadhi ya mipaka huchukua alama za vidole. Nchi 29 za Ulaya zilianza tarehe 12 Oktoba 2025 kuingiza mfumo unaomwandikisha mgeni kwa uso na vidole badala ya kumgongea muhuri. Watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole. Mara ya kwanza kuandikishwa huchukua muda, kwa hiyo ukiwa na ndege ya kuunganisha, acha nafasi ya kutosha.

Kausha mikono. Kidole kilicholowa jasho hutoa doa, kilichokauka sana hakitoi kitu. Kama ngozi imekauka, sugua vidole kwenye kiganja kidogo, kisha bonyeza bila kukandamiza mno. Waliofanya kazi ya saruji au ya kufua kwa miaka mingi, na wazee, alama zao huwa zimefutika. Mwambie afisa mapema, ana njia nyingine.

Hatua ya 6: Taa nyekundu ikiwaka

Soma skrini kabla ya kufanya chochote. Ikisema uweke pasipoti upya, tatizo liko kwenye kioo, rudia Hatua ya 3. Ikisema uangalie kamera, rudia Hatua ya 4. Ikikuambia umwone afisa, nenda kwa afisa. Usihamie geti la pili, la tatu, la nne, kwa sababu hayo yote yanauliza kumbukumbu ileile na yatakupa jibu lilelile.

Kwenda kwa afisa si kushukiwa. Huenda jina lako linafanana na la mtu mwingine, huenda chipu haikusoma, huenda umechaguliwa tu kukaguliwa. Mwambie kwa kifupi geti lilikuandikia nini na lilikwama wapi. Sentensi moja kama "lilisoma pasipoti, likashindwa kwenye uso" inampunguzia kazi.

Wakati mwingine tatizo ni la mfumo wenyewe. Usiku wa tarehe 7 Mei 2024 mageti ya Uingereza yalizimika nchi nzima kwa saa kadhaa, na hakuna abiria ambaye angeweza kufanya lolote. Ukiona mageti yote yanawaka nyekundu, jipange kwenye foleni ya dirishani bila kuchelewa.

Kuna sababu moja ambayo watu hawaitarajii. Ukitoa taarifa kwamba pasipoti imepotea, kisha ukaipata chini ya godoro, usisafiri nayo. Nchi nyingi hupeleka namba za pasipoti zilizoripotiwa kwenye hifadhi ya Interpol ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa 2002. Kwa mashine, pasipoti yako ni hati iliyopotea, hata kama uso na jina ni vyako. Omba nyingine.

Na kama geti linakwama kwenye chipu kila safari, katika viwanja tofauti, basi chipu yenyewe ina kasoro. Pasipoti iliyokaliwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, iliyopigwa pini au iliyofuliwa pamoja na nguo inaweza isisomeke tena, ingawa kwa macho ni nzima. Ipeleke kwa waliokupa, uwaombe waisome mbele yako.

Hatua ya 7: Kabla hujaondoka

Chukua pasipoti. Mlango ukifunguka watu huchangamka na kuondoka, pasipoti inabaki kwenye kioo, na mimi nawakimbilia nikiita. Iangalie jina kabla ya kuiweka mfukoni. Mkiwa familia mliopita mageti yaliyopangana, ni rahisi baba kuondoka na ya mwanawe, na hilo hugundulika kwenye ndege inayofuata, wakati mwenyewe ameshakwenda geti jingine.